Nyota Moja au Tatu? Alfa Sentauri katika Anga la Kampala

Katikati ya Juni, yapata saa nne usiku, mtu aliyesimama Munyonyo akielekea kusini huona nyota angavu kushoto kwa Msalaba wa Kusini, nyuzi 29 hivi juu ya upeo wa macho: Alfa Sentauri. Kwa jicho tupu ni moja. Kwa darubini ndogo ni mbili, zinazozungukana kwa takriban miaka 80. Ya tatu, Proxima, iliyogunduliwa na Robert Innes huko Johannesburg mwaka 1915, ni hafifu mno kwa jicho, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua: miaka ya nuru 4.24. Kwa hiyo istilahi “nyota pacha” haitoshi hapa, kwani humficha mwanafunzi nyota iliyo jirani yake kuliko zote. “Mfumo wa nyota tatu” ndiyo istilahi ifaayo.