Namba Inayounganisha Ombi la Leseni na Malipo Yake

Kwa mfanyabiashara wa tangawizi aliyeko Mamba Miamba, safari ya kwenda Same mjini humgharimu nauli na siku nzima ya kazi. Akifika na kuambiwa kuwa malipo ya leseni yake hayaonekani, hasara huwa maradufu. Ni vyema basi mwananchi akafahamu namna ombi lake linavyohifadhiwa na linavyokutanishwa na fedha alizolipa.

Halmashauri nchini hukusanya mapato yake, zikiwemo ada za leseni za biashara, kupitia mfumo wa TAUSI unaosimamiwa na OR-TAMISEMI. Kwa kawaida, mifumo ya namna hii huwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni seva ya kazi za pamoja, ambamo mwombaji hujaza fomu na maofisa hulishughulikia ombi hilohilo, kila mmoja kwa mamlaka yake, pasipo kubeba jalada kutoka meza hadi meza. Upande wa pili ni kanzidata, yaani hazina ya kumbukumbu. Ofisa anapofungua ombi, seva huiuliza kanzidata, na kanzidata ndiyo inayojibu. Seva nayo huingia kwa nywila yake na hupewa ruhusa za kazi yake tu.

Kanzidata hiyo hupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana, utaratibu ambao misingi yake ilielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd wa kampuni ya IBM. Jedwali moja huweza kuwa la wafanyabiashara, jingine la maombi, na la tatu la malipo. Majina hayafai kuyaunganisha, kwani katika wilaya ya Same akina Mbwambo, Mchome na Mmbaga ni wengi. Kinachounganisha ni namba isiyorudiwa, kama vile namba ya mlipakodi.

Kwa upande wa malipo, mfumo wa Serikali wa GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017, hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, ambayo wengi huiita kontroli namba. Benki au mtandao wa simu ukipokea fedha, taarifa hurejeshwa kwa namba hiyo na kuangukia kwenye ombi husika. Mtandao ukikatika wakati kumbukumbu inaandikwa, kanzidata hufuta hatua ambazo hazijakamilika ili isibaki nusu ya taarifa, na taarifa hutumwa upya. Hivyo, malipo kuchelewa kuonekana si dalili kwamba fedha zimepotea.

Mwombaji anashauriwa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, aandike namba ya mlipakodi kama ilivyo kwenye cheti chake, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa ombi halitamfikia mwenyewe. Pili, alipe kwa namba ya kumbukumbu iliyotolewa kwa ombi lake tu, na asilipe mara ya pili kabla ya kuuliza. Tatu, atunze ujumbe wa simu au stakabadhi ya benki hadi leseni itakapotoka.

Fedha iliyokabidhiwa mtu mkononi bila namba hiyo haina mstari katika jedwali lolote. Hakuna ofisa, awe na bidii kiasi gani, atakayeweza kuitafuta.