Mfarishi wa Krismasi haushonwi Desemba

MAPAMBO ya Krismasi huanza kuonekana madukani Novemba ikiwa bado changa. Kwa mshonaji anayekusudia kuuza au kutoa zawadi ya mfarishi alioushona kwa mkono wake, wakati huo huwa umekwisha kumpita. Kazi hiyo hudai majuma, si siku, na aghalabu wanaoianza Desemba huishia ama kukabidhi kitu kilicholipuliwa, ama kukiuza kwa bei isiyolipa hata jasho la jioni moja.

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu. Juu pana uso, ambao kwa kawaida huungwa kwa vipande vingi vya nguo. Katikati hutiwa pamba. Chini huwa na mgongo wa kitambaa kimoja kipana. Tabaka hizo hushikamanishwa kwa mishono inayopenya zote kwa pamoja. Mishono hiyo ndiyo inayoutenga mfarishi na duveti, ambayo ni mfuko uliojazwa tu, na blanketi, ambalo ni tabaka moja.

Ujuzi wa kushona vitu vya nyumbani si mgeni nchini Kenya. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka wa 1952, ushonaji ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyofundishwa katika vikundi vyake vya vijijini. Baadaye mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, uliwafikishia wanafunzi wa shule za msingi sindano na uzi kupitia somo la sayansi kimu. Matunda yake yanaonekana hadi leo katika sebule nyingi: vitambaa vya kufuma migongoni mwa makochi, juu ya meza, hata juu ya runinga enzi runinga zilipokuwa na mgongo wa kulaliwa na kitambaa. Mikono ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni hesabu: ya kitambaa, ya siku, na ya bei.

Jambo la kwanza la kupima ni hali ya hewa. Krismasi ya Kenya huangukia msimu wa jua. Mfarishi mnene uliojazwa kama wa Ulaya hautakuwa na kazi Malindi wala Kisumu, japo usiku wa Kinangop au Limuru utaupokea kwa shukrani. Kwa mteja wa pwani au wa kando ya ziwa, blanketi kuukuu jepesi linaweza kutiwa katikati badala ya pamba, au tabaka ya kati iachwe kabisa, uso na mgongo vikashonwa pamoja kuwa shuka nzito. Vivyo hivyo kuhusu mapambo: hakuna sababu ya kumlazimisha mnunuzi wa Machakos kutandika picha za theluji, ambayo pengine hajawahi kuiona ila kwa mbali, kileleni mwa Mlima Kenya.

Kuchagua kitambaa

Leso, kitenge cha pamba, mashati ya mitumba na mabaki yanayotupwa na mafundi wa nguo vyote hufaa, mradi viwe vya jamii moja. Hapa ndipo wengi huteleza. Vitenge vingi vinavyouzwa sokoni si pamba bali poliesta, na vitu hivyo viwili havistahimili pasi ya moto mmoja; pamba ikinyooka, poliesta huanza kung'aa na kujikunja. Njia rahisi ya kuvitambua ni kuchomoa nyuzi chache na kuziwasha kwa kiberiti mbali na kitambaa chenyewe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki.

Kila kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kukatwa. Pamba hurudi ikiloweshwa, na kipande kilichorudi kando ya kile ambacho hakijarudi huacha mfarishi umejikunyata baada ya dobi wa kwanza. Fauka ya hayo, nyekundu ndiyo rangi ya msimu, na nyekundu ndiyo inayochuja kuliko zote. Kitambaa cheupe kilicholoweshwa kisha kikapigwa pasi juu ya ile nyekundu kitaonyesha kama rangi imetulia. Kikitoka na waridi, kazi ya kufua iendelee hadi maji yawe maangavu. Na nyekundu isiyokoma kuchuja iondolewe katika mpango, hata kama ilinunuliwa ghali.

Kwa mgongo, kitambaa cha amerikani hakijapata mshindani kwa bei wala uimara. Jina lenyewe lina historia: katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Salem, jimbo la Massachusetts, walileta Zanzibar nguo za pamba zilizofumwa kwao, na watu wa mwambao wakaziita kwa nchi zilikotoka.

Hesabu ya miraba

Anayeanza asijitie katika nyota na maua. Miraba mitupu, ikipangwa kwa jicho zuri la rangi, hutosha. Tuchukue godoro la kawaida la futi 4 kwa 6, yaani takriban sentimita 122 kwa 183. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 210 utalifunika na kuning'inia kiasi cha sentimita 14 kila upande. Ukubwa huo hupatikana kwa miraba 140 ya sentimita 15, kumi kwa upana na kumi na minne kwa urefu.

Lakini miraba hiyo haikatwi kwa sentimita 15. Kila mshono hula kitambaa, na kwa asiye mzoefu sentimita moja kila upande ndiyo salama. Hivyo kila mraba hukatwa kwa sentimita 17. Aliyesahau hilo akakata 15 atajikuta na miraba ya sentimita 13 baada ya kushona, na mfarishi wake utakuwa wa sentimita 130 kwa 182: godoro litafunikwa juu tu, ubavu ukiachwa wazi. Kosa hili halionekani mpaka safu ya mwisho iungwe, wakati ambapo vitambaa vyote vimekwisha kukatwa.

Leso moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, na hutoa miraba 48 ya sentimita 17. Kwa kuwa leso huuzwa jozi, jozi mbili hutoa miraba 192. Baada ya kuondoa 140 ya kitandani hubaki 52, ambayo haitatupwa, kama itakavyoonekana. Miraba ya pindo ichanganywe na ya mji ili jicho lisichoke. Anayeona haya kuukata msemo wa leso, na wako wengi, aukate kama utepe mmoja mzima na kuushonea mgongoni. Ajue tu kwamba atakuwa amejinyima safu nzima ya miraba minane.

Miraba huungwa kwanza kuwa safu 14 za kumi kumi. Mishono ya safu ya kwanza ipigwe pasi kulalia kulia, ya pili kushoto, na kuendelea hivyo kwa zamu. Safu mbili zikikutanishwa, mishono hiyo hukabana na pembe za miraba hulingana zenyewe. Pasi hapa si urembo wa mwisho. Ni nusu ya kazi.

Kushikiza tabaka

Mgongo utandazwe sakafuni ukiangalia chini, ukiwa umeuzidi uso kwa sentimita tano hadi kumi kila upande. Juu yake huwekwa pamba, kisha uso. Pini zianzie katikati kuelekea kingo, na baada ya pini kupigwe bandi kwa uzi wa rangi nyingine utakaofumuliwa baadaye. Anayeruka hatua ya bandi kwa haraka ya msimu hulipia kwa mikunjo ya mgongoni isiyoweza kuondolewa ila kwa kufumua kila kitu.

Pamba ya poliesta inayouzwa kwa mita ndiyo nyepesi na ya haraka kukauka. Sufi, ambayo baadhi ya watu huitoa katika mito ya zamani, haifai hata kidogo, kwa sababu haishikani na itakusanyika pembeni kama unga ndani ya gunia. Hata kwa pamba nzuri, mistari ya mishono isiachane zaidi ya sentimita kumi. Katika mpango huu wa miraba ya sentimita 15, hilo lina maana kuwa kila mraba upitishwe mshono katikati, si kwenye maungio pekee.

Cherehani ya kukanyaga kwa miguu inaweza kazi hii yote, na haina habari na kukatika kwa umeme. Ugumu wake ni kupitisha mzigo mkubwa katika nafasi ndogo ya kulia kwa sindano. Mfarishi huviringwa pande zote mbili kama mkeka, na kushona huanzia katikati. Wanaopendelea mkono watahitaji sindano fupi, subana ya kulinda kidole na subira. Kingo humaliziwa kwa utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita sita uliokunjwa mara mbili. Mzunguko wa mfarishi ni mita 7.2, kwa hiyo utepe wa mita 7.5 utatosha pamoja na pembe.

Meza ya sikukuu

Ile miraba 52 iliyobaki ndiyo faida ya mwenye hesabu. Meza ya kulia ya sentimita 180 kwa 90 hupendeza ikipitishwa katikati yake kitambaa chembamba cha upana wa theluthi moja, kinachoning'inia ncha zote mbili. Safu mbili za miraba 15 hutoa kitambaa cha sentimita 30 kwa 225, na hula miraba 30. Inabaki 22. Kila kitambaa cha kuwekea sahani, cha sentimita 30 kwa 45, huhitaji miraba sita. Vitatu hupatikana, na miraba minne ya ziada hufaa kwa vikombe. Vitu hivi havihitaji pamba nene. Flaneli au kipande cha blanketi ndani yake huzuia joto la sufuria lisiharibu mbao.

Anayetaka kuongeza picha anaweza kukata nyota, kengele au jani jekundu la ua la poinsettia, ambalo hupandwa katika nyua nyingi nchini, na kulishonea juu kwa mishono midogo ya pembeni. Kutarizi jina la familia katika ncha moja huvutia wanunuzi, lakini kitambaa chenye jina hakiuziki kwa mwingine mteja akitoroka. Kazi ya jina ifanywe baada ya malipo. Jambo moja la hadhari: mishumaa na vitambaa vya poliesta havipatani, kwani poliesta ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi.

Bei ya mikono

Vitu vidogo vya meza humalizika kwa jioni moja au mbili na huuzwa upesi. Mfarishi ni jambo jingine, na ndio unaowaumiza washonaji. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba vitambaa, pamba na uzi vimegharimu Sh3,000, na kazi ikachukua saa 45. Mshonaji akiuza kwa Sh4,500 atahisi amepata faida ya Sh1,500. Ukweli ni kwamba amejilipa Sh33 kwa saa. Mnunuzi naye hulinganisha bei hiyo na duveti ya kiwandani na kuiona ghali bado. Mashindano hayo hayawezi kushindwa kwa kupunguza bei, kwa kuwa kiwanda hakishoni kwa saa 45.

Kwamba kazi bora inaweza kuuzwa kwa bei ya kutupa si habari mpya. Harriet Powers alizaliwa utumwani katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka wa 1837. Mnamo 1886, akiwa huru, alipeleka kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mfarishi wenye picha za Biblia alizozikata kwa vitambaa: Adamu na Hawa, ndoto ya Yakobo, Karamu ya Mwisho, na Familia Takatifu ambayo Wakristo huikumbuka kila Krismasi. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua. Powers akakataa. Miaka michache baadaye dhiki ilimlazimisha kuutoa kwa dola 10. Smith akawa na dola 5 tu, na kwa dola hizo 5 mfarishi ukaondoka. Powers alirudi mara kadhaa kwenda kuutazama. Leo unahifadhiwa katika makavazi ya Smithsonian, Washington, na mwingine alioushona uko katika makavazi ya sanaa ya Boston.

Nchini Kenya, mfano wa kazi kama hii kulindwa na umoja ni Amani ya Juu, iliyoanza Nairobi mwaka wa 1996 ikiwa na wanawake wachache wakimbizi. Mifarishi, vitambaa vya meza na mapambo ya Krismasi ni miongoni mwa bidhaa zake. Kikundi kina uwezo ambao mshonaji wa peke yake hana: kugawana kazi, mmoja akikata, mwingine akiunga, wa tatu akishikiza tabaka, na kumwambia mteja bei moja isiyoyumba.

Kwa asiye na kikundi, kinga iliyopo ni kalenda na malipo ya awali. Vitambaa vinunuliwe na kufuliwa Agosti, miraba iungwe Septemba, tabaka zishikizwe Oktoba. Oda ya mwisho ya mfarishi isipokewe baada ya katikati ya Oktoba, na ya vitambaa vya meza isivuke Novemba, kwa sababu wateja wengi huondoka mijini kuelekea mashambani kabla ya sikukuu yenyewe. Nusu ya bei ilipwe kabla ya mkasi kugusa kitambaa.

Pamoja na bidhaa, mteja apewe karatasi ndogo yenye maagizo: mfarishi ufuliwe kwa maji baridi, usikamuliwe kwa kusokotwa, uanikwe ukiwa umetandazwa kivulini, na usihifadhiwe katika mfuko wa plastiki, maana unyevunyevu uliofungiwa humo huleta ukungu. Foronya kuukuu ya pamba inatosha kuutunza.