Soma kichwa cha buloni mbele ya kununua

Wakati wa mavuno jipu yetu ilikwama kwenye mlima, imejaa magunia ya kahawa. Buloni ya katikati ya resori ilikatika, ekseli ikasogea, gurudumu likaanza kusugua karoseri. Tulilala pale siku mbili. Mvua ikalowesha kahawa, mnunuzi akatukata bei.

Kumbe ile buloni tuliinunua sisi wenyewe sokoni, mpya, inang'aa. Bei yake ilikuwa chini. Kichwani haikuwa na namba hata moja.

Namba ndiyo ya kutazama. Buloni imara za vipimo vya milimita zinaandikwa 8.8, 10.9 ao 12.9. Namba ya kwanza inaonyesha nguvu: 8 ni karibu kilo 80 kwa kila milimita mraba mbele ya kukatika. Ile ya 4.6 inafikia karibu kilo 40 tu. Hiyo ifungie mabati, si resori.

Kwa resori, usukani na breki, rudisha namba ileile gari ilitoka nayo kiwandani. Usishushe. Usipandishe ovyo pia: 12.9 ni ngumu, lakini inaweza kukatika ghafla bila kupinda kwanza. Ekuru nayo ifuatane: 8 kwa 8.8, 10 kwa 10.9. Buloni iliyokatika usiichomelee. Moto unaiondolea nguvu. Na kisha safari ya kwanza, kaza tena.

Siku hizi mweka hazina wetu hatoi feza ya buloni mpaka fundi amuonyeshe namba.