Fahamu: Maji ya Nakawa hutoka wapi, huenda wapi?

Majitaka ya Kampala na maji yake ya kunywa hukutana kwenye ghuba moja. Mtaro wa Nakivubo hubeba uchafu wa katikati ya jiji, ukipita karibu na Bugolobi hadi Ghuba ya Murchison, Ziwa Viktoria. Mkondo wa Kinawataka nao huleta uchafu wa Nakawa, mojawapo ya tarafa za Kampala, na wa viwanda vyake. Mitambo ya Ggaba husafisha maji ya ghuba hiyohiyo, na kadiri yanavyochafuka ndivyo dawa na gharama zinavyopanda.

Zamani mafunjo ya kinamasi kilicho kabla ya ghuba yalichuja sehemu kubwa ya uchafu huo. Leo kinamasi hicho kimelimwa magimbi, kimejazwa kifusi, kimejengwa. Mtambo wa majitaka wa Bugolobi unasaidia, ila nyumba nyingi hazijaunganishwa nao. Zina vyoo vya shimo, na mvua ikinyesha yaliyomo hupenya hadi kwenye chemchemi ambazo watu huchota maji ya kunywa.

Kwangu mimi, chemchemi inayong'aa inatisha kuliko mtaro unaonuka, maana mtaro hakuna anayeunywa. Hatari ya maji machafu ilionekana mwaka 2015, homa ya matumbo ilipozuka Kampala, wakahesabiwa wagonjwa walioshukiwa zaidi ya 10,000. Wachunguzi waliuhusisha mlipuko huo na maji na juisi zilizouzwa mitaani. Duniani, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watu wasiopungua bilioni 1.7 walitumia maji yenye kinyesi.

Kuchemsha maji huua vijidudu. Hakuondoi madini ya risasi wala naitreti. Maji yakipungua sufuriani, vitu hivyo hukolea zaidi.