Tunaandika tukiisha kulaza watoto

Saa tatu ya usiku hapa Kasenga. Tumekula bukari, sufuria zimeoshwa, na kwenye mbabula yamebaki majivu tu. Watoto wamelala. Ndipo simu inaanza kulia kidogo kidogo chini ya mto wa kitanda. Si mchuuzi wa Lubumbashi anayeuliza bei ya samaki, wala si shemeji anayeomba franka. Ni sehemu ya saba ya hadithi ya mwenzetu. Tangu juzi tunajiuliza kama yule msichana atavuka Luapula au atarudi kwa mama yake.

Wamama wapendwa, wengi mmetuuliza sokoni na baada ya mkutano: "Ninyi mnaoandika hadithi kwenye simu, mnapata nini humo?" Juma hili tunawajibu. Tutasema mazuri yake, na pia tutasema siku tulipokosa, maana bila hiyo jibu letu litakuwa nusu.

Kikundi kinavyokwenda

Kikundi chetu kiko kwenye WhatsApp. Tuko wanawake wa Kasenga, wa Lubumbashi, wa Likasi, na wachache walio ng'ambo ya mto, Zambia. Hakuna hata mmoja aliyechapisha kitabu. Kuna anayekausha samaki, kuna mwalimu wa shule ya msingi, kuna mshonaji, kuna wasichana waliomaliza sekondari wakakosa kazi. WhatsApp inaruhusu watu 1024 katika kikundi kimoja, lakini sisi tumeona ni vizuri kubaki wachache, watu wanaoweza kujuana kwa sauti.

Kila mwandishi ana jioni yake. Anatuma sehemu moja, kama kurasa mbili au tatu za daftari, na mwishoni anaweka lile neno ambalo wasomaji wa magazeti ya Tanzania wanalijua tangu zamani: itaendelea. Kesho yake wengine wanajibu. Mwanzoni majibu yetu yalikuwa "Umeweza, mama!" na picha za mikono inayopiga makofi. Inafurahisha, lakini haifundishi kitu, na wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi tukaweka kanuni: kwanza sema mahali ambapo hadithi ilikushika, kisha sema mahali ulipopotea. Mwandishi hajitetei siku hiyo. Anasoma, ananyamaza, anaendelea.

Wako wasioandika kabisa, na hao pia ni watu wa kikundi. Kazi yao ni kungojea. Anayeandika akijua kuna mama mahali fulani aliyeacha simu wazi akingoja sehemu ya nane, ataamka aimalize hata kama amechoka. Bila hao wanaongojea, daftari nyingi zingebaki chini ya kitanda.

Na yuko bibi mmoja asiyejua kuandika. Yeye anasema hadithi kwa sauti kwenye simu ya mjukuu wake, kama alivyosema zamani kando ya moto, na mjukuu anaiandika. Hadithi za bibi huyu zinangojewa kuliko zetu zote.

Kuhusu mega, msiogope. Maandiko ni mepesi. Sehemu nzima ya maneno elfu moja haifikishi hata sehemu moja ya mia ya mega moja. Sauti ya dakika moja inakula zaidi ya mara kumi ya hapo, na video ndiyo inayomaliza kila kitu. Kwa hiyo mwenye mega chache asome na aandike, aziache video.

Kiswahili cha nani?

Wengi walikaa miezi bila kutuma neno. Tulipowauliza, walisema: "Kiswahili changu si bora." Mwingine anaogopa mwalimu atamcheka, mwingine anaona hadithi ni kitu cha Kifaransa. Wengine, Kibemba cha nyumbani kinaingia katikati ya sentensi bila kupiga hodi.

Hao tunawakumbusha jambo lililotokea hapa kwetu Katanga. Mwaka wa 1965, mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Aliiandika kwa ajili ya watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu: wapishi, wafuaji, walezi wa watoto. Hakuandika Kiswahili cha vitabu vya shule. Aliandika Kiswahili cha watu wa mji huo, na herufi alizipanga jinsi alivyozisikia. Mwaka wa 1990, profesa Johannes Fabian aliyafanyia kazi maandiko hayo na kuyachapisha kuwa kitabu, na baadaye yakawekwa kwenye intaneti. Leo mtu akitaka kujua watumishi wale waliuonaje mji na mabwana wao, anasoma maneno yao wenyewe. Kama wangengojea mpaka Kiswahili chao kiwe "bora", tusingekuwa na kitu.

Na nani hajui jina la Mufwankolo? Kundi lake la mchezo lilichekesha na kufundisha Lubumbashi nzima kwa Kiswahili cha cité, redioni na kwenye televisheni. Wachezaji wale hawakuwa wakipewa karatasi yenye kila neno wakalikariri. Walipanga mambo pamoja, wakajaribu, mmoja akaongeza hili, mwingine akakata lile. Kikundi chetu kinafanana na hiyo. Tofauti yetu ni kwamba hatuonani, na tunafanya usiku.

Basi andika jinsi unavyosema. Makosa ya herufi tutasaidiana. Hadithi iliyobaki kichwani hakuna awezaye kuisaidia.

Siku tulipokosa

Sasa tufike kwenye lile ambalo wengine mlilisikia sokoni.

Mmoja wetu aliandika hadithi ya mwanamke ambaye mume wake alivuka ng'ambo, akajenga nyumba nyingine huko. Iliandikwa vizuri, tusidanganye. Jina alilibadilisha. Lakini aliacha rangi ya mlango. Aliacha mwembe uliopigwa na radi. Aliacha mtoto mwenye alama shingoni. Na sisi tuliosoma, badala ya kusema "ngoja kwanza, mama", tulisema "endelea, endelea!" Tulitaka kujua mume atarudi au hapana.

Kabla ya sehemu ya nne, mtu aliitoa hadithi nje ya kikundi. Siku ya pili ilikuwa imefika sokoni. Mama mwenye mlango ule alisikia mambo ya nyumba yake yakisomwa kwa sauti kwenye meza ya samaki, na watu wakicheka mahali ambapo mwandishi alitaka wacheke.

Hakupiga kelele. Alikwenda mpaka kwa mwandishi, akasimama mlangoni, akasema: "Nilikuambia ulipokuwa unanisuka nywele. Sikukuambia uandike."

Tulifuta hadithi, lakini ya simu za watu wengine hatukuweza kuifuta. Tulikwenda wanne kuomba msamaha, tukabeba unga na mafuta. Alitupokea, akatupa viti, akatusikiliza. Mpaka leo anatusalimu vizuri njiani. Lakini nywele anasukwa mahali pengine.

Kosa halikuwa la mwandishi peke yake. Aliyetoa hadithi nje alikosa, na sisi tuliosema "endelea" tulikosa. Tulisahau kwamba msomaji naye ana mkono katika kinachoandikwa.

Mbona hatukuacha?

Wapo waliosema tufunge kikundi. Tulijadiliana siku nyingi. Kilichotuzuia ni jambo jingine, lililotokea miezi michache kabla ya hapo.

Mama mmoja kijana, mkimya sana, alituma hadithi fupi ya mwanamke aliyepoteza mtoto kabla ya kumpa jina. Hakukuwa na machozi mengi ndani yake. Mwanamke yule alikuwa anakunja nguo ndogo tu, anazikunjua, anazikunja tena. Usiku ule hakuna aliyetuma picha ya makofi. Kisha mama mmoja wa makamo akaandika: "Mimi nilizitunza miaka kumi na moja." Mwingine akaandika. Mwingine tena. Mpaka saa sita ya usiku wanawake walikuwa wanaambiana mambo ambayo hawakuwahi kuyasema hata mbele ya dada zao. Hatukumwuliza yule kijana kama mwanamke wa hadithi ni yeye. Mpaka leo hatujamwuliza.

Hapo ndipo tulipoelewa hadithi ya kubuni ni kitu gani. Ni kikwembe. Mtu anajifunika nacho ili apite katikati ya watu na uchungu wake bila kuonwa uchi. Yule kijana alijifunika mwenyewe, akapita. Mwenzetu wa hadithi ya mlango alimfunika jirani kwa kitambaa chepesi, watu wakaona kila kitu.

Kwa hiyo hatukufunga. Tuliweka kanuni, nazo tunawapa hapa, maana wako wanaotaka kuanza kikundi chao:

1. Kubadilisha jina hakutoshi. Badilisha nyumba, kazi, idadi ya watoto, mahali, na mwisho wa mambo. Ukimaliza, jiulize: mwenyewe akiisoma, atajiona? Kama jibu ni ndiyo, rudi nyuma.

2. Neno uliloambiwa kwa siri si lako. Omba ruhusa. Akikataa, liache, hata kama ni hadithi nzuri kuliko zote ulizonazo.

3. Hakuna kutoa hadithi nje bila ruhusa ya mwandishi. Wako wanaochukua hadithi ya mtu, wanakata jina lake, wanaituma kama yao. Andika jina lako mwanzoni na mwishoni mwa kila sehemu, na uitunze ya kwanza katika daftari.

4. Msomaji akiona mtu wa kweli ndani ya hadithi, amwandikie mwandishi peke yake, haraka, asingoje sehemu inayofuata.

Nyumbani je?

Simu inayowaka usiku inaleta maneno. Bwana mmoja alidhani mke wake ana mtu. Mke alichoka kujieleza, akamsomea sehemu mbili kwa sauti. Bwana hakuomba msamaha, lakini jioni iliyofuata aliuliza kama yule msichana amevuka. Hatusemi kila mume atakuwa hivyo. Tunasema kitu kinachofichwa kinazaa shaka kuliko kinachosomwa wazi.

Na sisi pia tujiangalie. Kuna aliyeunguza maharagwe akingojea sehemu ya tano. Kuna aliyekuta mtoto amelala bila kufanya masomo kwa sababu mama alikuwa "anamalizia ukurasa". Tulikubaliana: hakuna hadithi kabla ya saa tatu ya usiku, na hakuna anayelaumiwa kwa kukosa jioni yake. Mtoto mwenye homa anatangulia.

Kuna pesa?

Swali hili halikosi. Tuseme ukweli: kwa walio wengi, hakuna. Ni kweli kwamba kule Marekani mwanamke aitwaye Anna Todd alianza mwaka wa 2013 kuandika hadithi yake kwenye simu, akiituma sehemu kwa sehemu katika Wattpad, mahali ambapo watu wa dunia nzima wanatuma na kusoma hadithi. Ikawa kitabu, kisha filamu. Lakini ni mmoja kati ya mamilioni.

Karibu na sisi kuna tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka wa 2014, inayopokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Mwaka wa 2015 Mtanzania Anna Samwel Manyanza aliipata kwa riwaya yake Penzi la Damu. Kwa hiyo mlango upo, na mwanamke ameupita. Lakini angalieni sana: mtu asiyejulikana akikuandikia kwamba atachapa kitabu chako, utume kwanza pesa ya "kufungua faili", usitume hata franka moja. Na akikuomba picha zako za siri, mfunge hapo hapo, uwaambie wenzako.

Sisi hatuandiki kwa ajili ya pesa. Tunaandika kwa sababu mchana wote tunaitwa: mama, njoo; mama, leta; mama, iko wapi. Saa tatu ya usiku kuna mtu anayetuuliza kitu kingine: ilikuwaje baadaye?

Siku ya posho hii, baada ya mkutano wa chama na likelemba, tutabaki saa moja chini ya mti. Asiye na simu aje na daftari. Asiyejua kuandika aje na mdomo wake, tutamwandikia. Kila mmoja alete mwanzo wa hadithi moja, kurasa mbili tu, mwisho tutautafuta pamoja. Yule mama wa mlango tumemwalika pia. Hajajibu, na hatutamsukuma. Kiti chake kitakuwepo.