Ngazi ya Matibabu Huanzia Kijijini

Mtu akitaka kupanda juu ya paa hutumia ngazi. Huanza na kipago cha chini, kisha hupanda kimoja kimoja. Huduma za afya za Serikali katika Tanzania zimepangwa hivyo hivyo. Anayeijua ngazi hii hutibiwa mapema. Asiyeijua huweza kuchelewa, na kuchelewa huua.

Kipago cha kwanza ni zahanati. Hapa utapimwa malaria. Watoto watachanjwa na kupimwa uzito. Mama mjamzito atapimwa, na anaweza kujifungulia hapa kama hana matatizo. Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa kuweka zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Kazi hiyo bado haijaisha.

Kipago cha pili ni kituo cha afya. Kina vitanda vya kulaza wagonjwa. Vituo vingi sasa vina chumba cha upasuaji, hasa tangu mwaka 2017 vilipoanza kupanuliwa.

Kipago cha tatu ni hospitali ya wilaya. Hapa kuna madaktari, na mgonjwa anaweza kupasuliwa na kuongezewa damu. Kisha iko hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu yake ziko hospitali za kanda, kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi. Hizi mbili ni za mashirika ya dini, lakini zinashirikiana na Serikali. Juu kabisa iko Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Kwa nini tusiende wote Muhimbili? Kwa sababu homa ya malaria inatibika kijijini. Daktari bingwa akitibu kila homa, nani atamtibu mgonjwa wa moyo?

Sasa fikiri jambo hili. Mama ana uchungu tangu jana, na mtoto hatoki. Muuguzi wa zahanati anasema, "Apelekwe hospitali sasa hivi." Anaandika barua ya rufaa. Je, muuguzi amemfukuza mgonjwa? La. Ameona hatari ambayo zahanati haiwezi kuitibu. Jamaa wakisema, "Tungoje kesho tuuze mbuzi kwanza," mama na mtoto wanaweza kufa. Basi wekeni akiba ya nauli mapema, kabla mimba haijakomaa. Ulizeni zahanati gari la wagonjwa huitwaje. Na ajali ikitokea, mpelekeni aliyeumia mahali pa karibu mara moja. Msingoje barua.

Nani analipa gharama? Ni sisi wenyewe. Ukinunua sabuni dukani, sehemu ya bei ni kodi. Sehemu ya kodi hiyo hulipa mishahara ya waganga na kununua dawa. Zamani matibabu ya Serikali yalikuwa bure. Mwaka 1993 wananchi walianza kuchangia gharama. Hata hivyo, sera ya Serikali inawasamehe wajawazito, watoto wenye umri chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Kama wewe ni mmoja wao, usione haya. Sema mara unapofika. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ili watu wachangie wakiwa wazima na watibiwe wanapougua.

Nani anasimamia? Wizara ya Afya hutunga sera. Bohari ya Dawa hununua dawa na kuzisambaza. Halmashauri ya wilaya husimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali ya wilaya. Na zahanati yako ina kamati ambayo wanakijiji wamo. Dawa zikikosekana, waulize wanakamati: Ziliagizwa lini? Fedha zilitumikaje? Kuuliza hivyo si ugomvi. Mali ni yako.

Ngazi ni imara kama vipago vyake vya chini ni imara. Tutunze zahanati yetu.

Maswali ya kujadiliana
1. Zahanati yenu hutibu magonjwa gani?
2. Mgonjwa akipewa rufaa usiku, mtampelekaje?
3. Nani ni wanakamati wa zahanati yenu?