Rimu Kubwa, Safari Fupi

Gari la umeme si kitu cha kwenye sinema tena. Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani zimeanza kuonekana Dar, kama zilivyotangulia kuonekana Nairobi. Wapo wenzetu chuoni wanaozipigia hesabu: wachange, wanunue moja, wapige teksi ya mtandaoni jioni baada ya vipindi. Hakuna petroli, hakuna kumwaga oili ya injini. Shida yao ni moja tu, gari lenyewe lina sura ya upole mno. Kwa hiyo kabla hata halijafika bandarini mtu ameshaanza kutafuta rimu za inchi 18 ili likae kibabe.

Hakuna ubaya kutaka gari lipendeze. Ila kwenye gari la umeme rimu na tairi si urembo peke yake, ni sehemu ya betri. Ukikosea hapo, unalipa kila siku kwa kilomita.

RIMU INAKULAJE CHAJI?

Tuchukue mfano unaopimika. Hyundai Ioniq 6 ya mwaka 2023, ile ya betri kubwa inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma, iliuzwa na rimu za inchi 18 au za inchi 20. Betri ni ileile. Vipimo rasmi vya Marekani vinaipa maili 361, yaani kama kilomita 581, ikiwa na inchi 18. Ikivishwa inchi 20 zenye tairi pana zaidi, inashuka hadi maili 305, kama kilomita 491. Kilomita 90 zimeyeyuka kwa sababu ya viatu tu.

Zinakwenda wapi? Kwanza, kila tairi likikanyaga chini hubonyea kidogo kisha hurudi, na katika kubonyea huko nguvu hugeuka joto. Ndiyo maana ukishika tairi baada ya safari ndefu unalikuta la moto. Pili, tairi pana na rimu yenye nafasi kubwa wazi huvuruga upepo zaidi. Tatu, rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na kitu kizito kinachozunguka kinataka nguvu zaidi kila unapoondoka kwenye foleni. Breki ya gari la umeme hurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri, lakini hairudishi yote.

Sasa hamishia hesabu hiyo kwenye Leaf. Zile za mwanzo, zenye betri ya kWh 24, zilipimwa Marekani na kupewa maili 73, kama kilomita 117, zikiwa mpya. Hiyo unayonunua si mpya. Tuseme betri imepungua robo: umebaki na kama kilomita 88. Ukiipunguzia sehemu moja ya kumi kwa sababu ya rimu, kilomita karibu 9 zimeondoka. Kwa mwenye gari la kuzurura hiyo si habari. Kwa anayepiga teksi, ni abiria mmoja anayekataliwa kila jioni, au ni kukwama Kimara chaji ikiwa sifuri.

MATUNDU MATANO HAYATOSHI

Rimu ya Leaf ina matundu matano, na duara linalopita katikati ya matundu hayo lina kipenyo cha milimita 114.3. Zipo Toyota zenye vipimo hivyohivyo. Hapo ndipo muuzaji atakapokwambia, "Kaka, hii inaingia bila wasiwasi." Mwulize maswali mengine matatu.

Tundu la katikati lina ukubwa gani? Kitovu cha Leaf ni milimita 66.1, wakati rimu ya Toyota ya aina hiyo ina tundu la milimita 60.1. Haiingii. Usikubali kuchongewa kwa macho, maana rimu isiyokaa katikati sawasawa itatetemesha usukani. Rimu za dukani zisizo za kampuni ya gari mara nyingi zina tundu kubwa zaidi. Hizo zinafaa, mradi upate pete ya kujaza nafasi inayobaki.

Nati ni zipi? Leaf inatumia nati za milimita 12 zenye hatua ya 1.25. Za Toyota ni milimita 12, hatua ya 1.5. Kwa macho zinafanana, ila ukilazimisha unaharibu meno ya bolti, na gurudumu linaweza kulegea ukiwa njiani.

Rimu inakaa ndani au nje kiasi gani? Imeandikwa kwa herufi ET na namba. Za kiwandani za Leaf ni 40 kwa inchi 16 na 45 kwa inchi 17. Namba ikiwa ndogo sana, gurudumu linatokeza nje, linasugua bodi na kuumiza beringi. Ikiwa kubwa sana, linagusa shokapu ndani.

NAMBA INAYOBEBA WATU

Hii ndiyo wengi wanairuka. Toyota IST ina uzito wa karibu tani moja. Leaf, bila mtu ndani, ina karibu tani moja na nusu, kwa sababu ya betri. Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo vya ukubwa, kuna namba ya uzito. Tairi la kawaida la 205/55R16 huandikwa 91, maana yake linabeba kilo 615.

Ukihamia inchi 18, saizi inayolingana kwa urefu ni 225/40R18. Kimo cha gurudumu zima kinaongezeka kwa milimita 5 hivi tu, kwa hiyo spidomita haitadanganya sana. Lakini tairi la kawaida la saizi hiyo huandikwa 88, yaani kilo 560. Umenunua tairi la gharama zaidi linalobeba pungufu. Muuzaji atazidisha mara nne akuonyeshe kwamba bado inatosha. Mwambie uzito haugawanyiki sawa: ukifunga breki unakwenda mbele, ukikata kona unaegemea upande mmoja, na ukidumbukia shimoni gurudumu moja linapokea kishindo chote. Kanuni ni rahisi: usishuke chini ya namba ya kiwandani. Kama lazima uvae 18, tafuta tairi lenye alama XL, ambalo kwa saizi hiyo huandikwa 92, kilo 630. Nalo linataka upepo zaidi ili lifikie uwezo huo.

Kuna na suala la mashimo. Ubavu wa tairi la inchi 16 una kimo cha karibu milimita 113; wa lile la 18 ni milimita 90. Mpira uliopungua ndio uliokuwa unailinda rimu. Leaf nyingi huja bila tairi la spea, zina chupa ya dawa ya pancha na pampu. Dawa hiyo inaziba tundu la msumari. Ubavu uliopasuka haiuzibi.

TAIRI LENYEWE

Tairi la Kijapani lina lebo inayosaidia sana. Upande mmoja huonyesha jinsi linavyobingirika kwa wepesi, kuanzia AAA (bora) hadi C. Upande wa pili ni kushika barabara yenye maji, kuanzia a hadi d. Usikimbilie AAA ukasahau herufi ndogo. Masika ya Dar hayana huruma. Kisha angalia tarakimu nne za mwisho baada ya maandishi DOT: 3519 maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu na bado mpira wake umezeeka.

UKIFIKA GEREJI

Mwonye fundi kabla hajashika jeki. Chini ya sakafu ya Leaf kuna betri, na jeki ikiwekwa hapo inaweza kuiharibu. Gari linanyanyuliwa kwenye sehemu zilizowekwa alama pembeni, chini ya milango. Upepo ujazwe kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kwa mazoea ya fundi. Ukibadilisha aina ya tairi, uliza kiasi kinacholifaa.

Basi, kama bumu limeingia na mkono unawasha, panga hivi. Kwanza upepo sahihi, ambao ni karibu bure. Pili matairi mapya mepesi kubingirika, ya saizi ileile. Tatu, ukitaka rimu, chukua inchi 16 na uipime kwenye mizani kabla ya kulipa. Ikiwa nyepesi kuliko ya zamani umepata faida, ikiwa nzito umenunua picha. Gari lenye rimu ndogo linalofika Kibaha na kurudi linapendeza kuliko la kibabe linalovutwa na kamba.